Shekhar Mehta: Aliyeihama Uganda akaitawala Safari

Mashindano ya magari ya Safari yalipomalizika Jumatatu ya Pasaka, tarehe 23 Aprili mwaka 1973, wasimamizi walikabiliwa na hesabu isiyokuwa ya kawaida. Baada ya siku tano za matope, mawe na vumbi, madereva wawili walikuwa na alama za adhabu zilizo sawa kabisa: 406 kwa 406.

Mmoja alikuwa Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1969. Mwingine alikuwa kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Uganda, ambaye miezi michache tu kabla ya hapo familia yake ilikuwa imelazimika kuihama nchi hiyo. Jina lake Shekhar Mehta.

Kanuni za mashindano zilikuwa na jibu. Alama zikilingana, ushindi huenda kwa yule aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kuanza kuadhibiwa. Kwa kipimo hicho Mehta na msoma ramani wake, Lofty Drews, wakatangazwa washindi. Huo ulikuwa wa kwanza katika ushindi wake wa Safari mara tano, na hadi leo hakuna dereva mwingine aliyeshinda mashindano hayo miaka minne mfululizo kama alivyofanya yeye.

Kutoka mashamba ya Uganda

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni mwaka 1945 katika familia ya Kihindi yenye mali, iliyomiliki mashamba makubwa nchini Uganda. Hakukua gerejini, na hapo ndipo alipotofautiana na bingwa mwingine wa Kiasia wa enzi hizo, hayati Joginder Singh wa Kericho, mtoto wa fundi, aliyeanza kushika spana kabla ya usukani.

Mehta aliingia katika mbio za magari akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Wapo waliomwona kuwa mtoto wa tajiri anayetafuta burudani. Dhana hiyo haikudumu. Mwaka 1971, akiwa na Mike Doughty katika Datsun 240Z, alishika nafasi ya pili katika Safari, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la aina hiyo hiyo.

Safari yenyewe ilikuwa na sifa ya kipekee duniani. Ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na kwa miaka mingi ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ulaya madereva walishindana kwa sekunde katika vipande vya barabara vilivyofungwa. Huku barabara zilibaki wazi: lori la mkaa, ng'ombe, mto uliofurika na basi la abiria vyote vilikuwa sehemu ya mashindano. Muda uliopangwa kati ya kituo na kituo ulikuwa mfupi mno, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Hivyo aliyeshinda Safari alikuwa ni yule aliyechelewa kidogo kuliko wenzake.

Mwaka wa 1972

Tarehe 4 Agosti mwaka 1972 Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Mwanzoni amri iliwalenga wenye pasipoti za kigeni, lakini wengi waliojihesabu kuwa raia walijikuta nao wakipoteza uraia huo katika foleni za ukaguzi wa karatasi. Siku ya mwisho iliwekwa tarehe 8 Novemba.

Makumi ya maelfu ya watu waliondoka wakiwa na mizigo michache na fedha kidogo. Maduka, viwanda, nyumba na mashamba viligawiwa wengine, mara nyingi wanajeshi na watu wao wa karibu. Wengi walikwenda Uingereza, wengine Canada na India. Familia ya Mehta ilivuka mpaka na kuhamia Kenya.

Katika historia za mchezo wa magari, tukio hili kwa kawaida hupewa sentensi moja. Huo ni uchache usiostahili. Mtu anayepoteza nchi hupoteza pia yale asiyoyatambua kuwa ni mali: fundi anayemfahamu, barabara anazozijua gizani, jirani wa kumwachia ufunguo. Mehta alifika Kenya akiwa na nafuu mbili ambazo wengi wa waliofukuzwa hawakuwa nazo. Familia yake ilikuwa na uwezo, naye alikwisha kuzijua barabara za Kenya kwa kuzishindania. Kati ya siku ya mwisho ya Amin na ushindi wake wa kwanza ilipita miezi mitano na nusu.

Mwaka huo wa 1973 ndio pia ulikuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za aina hii, na Safari ilikuwa ya nne katika orodha yake. Kwa hiyo jina la mtu aliyetoka kuikimbia nchi yake liliingia katika kumbukumbu za dunia tangu ukurasa wa kwanza.

Kisahani kidogo cha chuma

Magari mawili yaliyofungana mwaka 1973 yalikuwa ndugu. Yote yalitengenezwa na Datsun: la Mehta lilikuwa 240Z ya silinda sita, la Källström lilikuwa 1800 SSS ya silinda nne, na injini zao zilitoka katika ukoo mmoja, ule ambao kiwanda hicho kiliupa herufi L. Ukoo huo huo uliendesha magari ya kawaida ya nyumbani na pikapu za wakulima. Kuuelewa ni kuelewa kwa nini Datsun zilipendwa sana Afrika, na kwa nini dereva mwangalifu alizifaa.

Injini ya L haikuwa na maajabu. Kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua na kufunga valvu, imelala juu ya kichwa cha injini na huzungushwa na cheni. Katika magari ya barabarani yenye kabureta, mbele ya gia ya kamshafti hufungwa kisahani cha chuma ambacho tundu lake halikutobolewa katikati. Bolti moja hukibana kisahani pamoja na gia. Kamshafti inapozunguka, kisahani hicho huzunguka kwa kuyumba, husukuma mkono wa pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa kichwa cha injini, na mkono nao huvuta kiwambo cha mpira kinachonyonya petroli kutoka kwenye tangi.

Mpangilio huo ni rahisi, lakini uhai wote wa gari huning'inia hapo. Kisahani kikilika au bolti ikilegea, mwendo wa mkono wa pampu hupungua. Gari litawaka asubuhi na kutembea vyema mjini, kisha litaanza kukohoa kwenye mlima mrefu au mwendo kasi, pale injini inapohitaji petroli nyingi. Dereva ataihisi kasoro hiyo kama uchovu, na fundi mwenye haraka atakimbilia plagi na kabureta.

Injini hizo hazikuishia Afrika Mashariki. Nchini Afrika Kusini magari ya Datsun yaliunganishwa Rosslyn, karibu na Pretoria, na zilizosalia bado huwapitia mafundi wa Johannesburg. Katika mji huo kipo kitongoji cha Yeoville, mashariki ya Hillbrow, kilichoanzishwa mwaka 1890. Zamani kilipokea Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, na tangu miaka ya 1990 kimekuwa kimbilio la watu kutoka Kongo, Zimbabwe, Nigeria, Kamerun na kwingineko. Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu si kigeni katika mitaa ya Raleigh na Rockey. Wengi huko wanayafahamu maisha ya kuanza upya kwa ufundi wa mikono, kwa kuwa ujuzi ni mali isiyokaguliwa mpakani.

Fundi wa Yeoville anayeletewa Datsun ya zamani inayokosa nguvu kwenye milima ya mji huo atakutana na tatizo lile lile ambalo angelikuta Nairobi. Miji hiyo miwili iko juu takriban sawa, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako petroli yenye joto hugeuka mvuke ndani ya bomba kwa urahisi zaidi kuliko pwani. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kujua kama gari hukohoa likiwa limepata joto tu, au hukohoa wakati wote. Kama ni joto tu, bomba linalopita karibu na ekzosi ndilo la kutazamwa kwanza.

Kama ni wakati wote, atachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, auelekeze ndani ya chupa mbali na cheche, na injini izungushwe kwa stata. Petroli ikiruka kwa mapigo yenye nguvu, pampu haina hatia. Ikitiririka kwa unyonge, ataanza nyuma: chujio, kisha mpira wa kunyonya, kwani ufa mdogo unaoingiza hewa hufanana kabisa na pampu iliyokufa. Atanusa pia kijiti cha oili. Oili yenye harufu ya petroli na iliyoongezeka bila kuongezwa ni dalili kwamba kiwambo kimechanika na petroli inashukia ndani ya injini. Gari la namna hiyo halifai kuwashwa tena mpaka pampu ibadilishwe na oili imwagwe.

Baada ya hapo ndipo pampu hufunguliwa. Kupitia tundu lake kisahani huonekana, na injini ikizungushwa polepole kwa mkono, macho yataona kama kinayumba inavyopasa, kama kimechimbika, au kama kinacheza peke yake. Mara nyingine hakipo kabisa. Vichwa vya injini za L zilizotumia mfumo wa kupuliza petroli kwa shinikizo havikuhitaji kisahani hicho, kwa vile pampu yao ilikuwa ya umeme. Mtu akinunua kichwa cha namna hiyo kama spea na kukifunga kwenye gari la kabureta, anaweza kubadilisha pampu tatu mpya bila kupata tone.

Upo mtego mwingine, na huu umewagharimu wengi. Bolti ya kisahani ndiyo hiyo hiyo inayoshika gia ya kamshafti. Anayeitoa na kuivuta gia bila kutia kwanza kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni, huilegeza cheni. Kikaza-cheni kilicho chini kitaruka kutoka mahali pake, na kazi ya nusu saa itageuka kazi ya kufungua uso mzima wa injini. Gia yenyewe ina matundu matatu ya kupangia, ili cheni iliyorefuka kwa uzee iweze kurekebishwa kabla ya kutupwa. Waliobuni injini hiyo walitarajia kwamba ingezeeka, na kwamba ingezeekea mikononi mwa mafundi wasio na vifaa vingi.

Miaka minne mfululizo

Baada ya ushindi wa mwaka 1973 Mehta alisubiri miaka sita. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na madereva wa Ulaya wakajitwalia mengine. Mehta aliendelea kushiriki, akijifunza.

Kisha ukaja mwaka 1979. Akiwa tena na Mike Doughty, safari hii katika Datsun aina ya Violet, iliyoitwa 160J katika baadhi ya nchi, alikutana na Mercedes zilizoletwa kwa fedha nyingi: magari ya lita tano na silinda nane. Violet ilikuwa na silinda nne na lita mbili. Katika barabara iliyonyooka haingeiweza Mercedes. Lakini Safari haikuwa barabara iliyonyooka, na Hannu Mikkola wa Finland, mmoja wa madereva wenye kasi kubwa zaidi wa zama zake, alimaliza wa pili katika Mercedes yake.

Mwaka 1980 Mehta alishinda tena, na 1981 tena. Mara zote mbili aliyemfuata alikuwa Rauno Aaltonen, Mfini aliyeitafuta Safari kwa miaka mingi bila kuipata. Mwaka 1982 aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia. Hakuna anayeweza kudai kwamba Mehta alishinda kwa kukosa wapinzani.

Ukiyatazama matokeo hayo pamoja, jambo moja hujitokeza. Mara nyingi palikuwa na mtu mwenye kasi zaidi yake. Tofauti ilikuwa kwamba Mehta alilifikisha gari. Alijua ni wapi pa kukanyaga na ni wapi pa kuliachia gari lipumue, na alilisikiliza kama mchungaji anavyosikiliza pumzi ya mnyama aliyechoka. Katika mashindano ya kilomita zinazokaribia 5,000, kuokoa chuma ni njia ya kuokoa dakika. Sifa hiyo haipigiwi makofi sana, kwa kuwa haionekani kwenye picha. Picha huonyesha gari likiruka angani, hazionyeshi lile ambalo dereva wake alikataa kulirusha.

Mwaka 1981 alimaliza wa tano katika msimamo wa madereva wa dunia nzima, jambo kubwa kwa mtu aliyekuwa na makao yake Nairobi, mbali na viwanda na wafadhili. Katika mashindano mengi ya nje msoma ramani wake alikuwa mkewe, Yvonne, naye bingwa katika kazi hiyo.

Kutoka usukani hadi mezani

Mwaka 1987, katika mashindano ya Mafarao yanayopita jangwani nchini Misri, Mehta alipata ajali mbaya iliyomjeruhi vibaya. Maisha yake kama dereva yakaishia hapo.

Hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na baadaye akaongoza tume yake iliyosimamia mbio za aina hii. Ilikuwa nadra wakati huo kumwona Mwafrika katika kiti cha namna hiyo.

Miaka hiyo haikuwa rahisi kwa mashindano yaliyomlea. Magari ya kisasa yalihitaji barabara zilizofungwa na vituo vya kutengenezea vilivyopangwa kwa dakika, na fedha zilikuwa haba. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Iliendelea kama mashindano ya kikanda, na katika kipindi hicho Carl Tundo wa Kenya aliifikia idadi ya Mehta ya ushindi mara tano, mwaka 2018.

Uganda nayo ilibadilika. Katika miaka ya 1990 serikali ya Rais Yoweri Museveni iliwarudishia Waasia wengi majumba na viwanda vyao, na baadhi walirejea. Mehta aliendelea kuhesabiwa kuwa Mkenya, na hivyo ndivyo orodha za mabingwa zinavyomtaja.

Alifariki dunia mjini London tarehe 12 Aprili mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Ilikuwa Jumatano ya wiki ya Pasaka, majira ambayo kwa miaka mingi magari ya Safari yalikuwa yakifanyiwa ukaguzi wa mwisho. Mashindano yalirejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiendeshwa zaidi maeneo ya Naivasha, na mwaka 2024 yakafanyika tena wikiendi ya Pasaka.